Mtoto wa kwenye Lassie ndiye huyu Rettig wa FoxPro? Aliacha kuigiza au aliachishwa?

#1 Kabati la Mzee
Wakuu, habari za jioni.

Leo tulikuwa tunasafisha kabati la ofisi moja ya uhasibu hapa Arusha, tunahama jengo. Chini kabisa, chini ya mafaili ya 1993, nimekuta kitabu kinene cha FoxPro, ile programu ya zamani ya kompyuta ya kupanga kumbukumbu. Mende wamelitafuna jalada pembeni, lakini jina la mwandishi linasomeka: Tom Rettig. Nikakipiga picha nikamrushia binamu yangu aliyeko Houston, utani tu, maana yeye ndiye aliyenishikisha kompyuta mara ya kwanza. Akajibu: "Huyo si yule mtoto wa kwenye Lassie?"

Nikajua ananichezea. Nimepekua mpaka saa nane usiku, na ni yeye kweli. Tommy Rettig, kazaliwa New York Desemba 1941. Ndiye aliyecheza Jeff Miller, mtoto mwenye yule mbwa Lassie kwenye kipindi cha TV ya Marekani, CBS, kuanzia Septemba 12, 1954, kila Jumapili jioni. 1957 katoka. Miaka ya 80 anaibukia kwenye dBASE, programu nyingine ya aina hiyo, halafu FoxPro. Kafariki Februari 1996 akiwa na miaka 54.

Sasa mtoto anayetazamwa na nchi nzima kila Jumapili anatokaje pale? Aliacha au aliachishwa?

#2 Jongoo Hapandi Mtungi
Nimevuta kigoda. Kahawa ipo.

#3 Nyundo_254
Hii ni ile ya mbwa anabweka halafu mzee anauliza, "Unasema Timmy ametumbukia kisimani?" Hahaha. Sasa huyo Timmy ndiye alienda kuwa mtu wa kompyuta?

#4 Mama Wawili
Shikamooni wakubwa. Niko Minnesota, na huku kuna stesheni zinarudia vipindi vya kale usiku na mchana, kwa hiyo mama mkwe wangu amenisomesha vya kutosha.

@Nyundo_254 umechanganya watoto wawili. Timmy ni Jon Provost, aliyeingia 1957 akiwa na miaka 7. Rettig ni Jeff, yule wa kwanza kabisa. Na Timmy hajawahi kutumbukia kisimani hata siku moja. Alizama, alipotea, alikwama kila mahali, lakini kisima hapana. Utani umekuwa mkubwa kuliko kipindi, mpaka Provost mwenyewe alipoandika kumbukumbu zake akakipa kitabu jina hilohilo la kisima.

Kuhusu swali la mleta uzi, mimi nasema kilichomtoa ni msiba. Kwenye hadithi Jeff anaishi shambani na mama yake mjane na babu yake. Mwaka 1957 mzee aliyecheza babu, George Cleveland, akafariki kweli. Hadithi ikabidi imfuate: babu amekufa, mama hawezi shamba peke yake, wanawauzia shamba akina Martin, wanahamia mjini, na Jeff anamwachia Timmy mbwa. Mzee angeishi, Jeff angebaki.

#5 Fundi Antena
Mama Wawili umeeleza vizuri lakini umeanzia mwisho wa kamba. Timmy aliingizwa kwenye hadithi ili apokee mbwa. Wangekuwa na mpango wa kubaki na Jeff wangetafuta babu mwingine au wangemleta mjomba. Waandishi wa tamthilia hawashindwi na kifo cha babu.

Kilichotokea ni kwamba kipindi kiliuzwa. Mtayarishaji wa mwanzo, Robert Maxwell, alimuuzia Jack Wrather. Mwenye mali mpya anatazama ghalani: mtoto anakaribia miaka 16, ana mabega, sauti imeshakuwa nzito. Nani atalia kumwona baba mzima anakumbatia mbwa? Unaleta wa miaka 7, unapata miaka mingine saba. Na ndivyo ilivyokuwa, Provost alikaa mpaka 1964. Baada yake mbwa akapewa askari wa misitu, wakaachana kabisa na watoto wanaorefuka. Kipindi kilikwenda mpaka 1973.

#6 Chumvi ya Pemba
Mbwa hakurefuka?

#7 Fundi Antena
Mbwa walibadilishwa pia mkuu. Wa kwanza kabisa, wa kwenye sinema, aliitwa Pal. Kwenye TV alicheza vile vipindi viwili vya majaribio tu, halafu mwanawe akashika kazi, kisha wajukuu. Na wote walikuwa madume wanacheza jike, kwa sababu dume hutunza manyoya vizuri zaidi na ana umbo kubwa. Rudd Weatherwax ndiye alikuwa mwalimu wao. Kwa hiyo kati ya Jeff na Lassie, wote wawili walikuwa waigizaji na wote wawili walistaafishwa.

#8 Nyundo_254
Dume miaka 19 likiitwa "good girl". Hii Hollywood ni noma.

#9 Binti Ngamiani
Nimesoma mahali kwamba mbwa ndiye aliyemchagua. Watoto walipobaki watatu kwenye mchujo, walipelekwa wakakae na yule mwalimu wa mbwa nyumbani kwake, wakamwangalia mbwa anamfuata nani. Akamfuata Rettig. Kwa hiyo ajira yake ilisainiwa na mbwa, na mimi naamini ilivunjwa na binadamu.

#10 Kabati la Mzee
Asanteni sana. @Binti Ngamiani hiyo nimecheka peke yangu ofisini. Ila bado mnaniambia habari za wenye kipindi. Mtoto mwenyewe alitaka nini?

#11 Msomaji wa Usiku
Mtoto mwenyewe alitaka kutoka. Hilo alilisema alipokuwa mtu mzima, kwamba alitamani maisha ya kijana wa kawaida na alihangaika mpaka akaachiwa mkataba.

Na ukiangalia ratiba utamwelewa. Alianza kazi akiwa na miaka 6, akizunguka na onyesho la jukwaani la Mary Martin. Kufikia Lassie alishacheza sinema nyingi. Zama zile msimu mmoja wa TV uliweza kuwa na vipindi 39, si hizi tamthilia zenu za vipindi nane halafu mnasubiri miaka miwili. Vipindi alivyocheza Jeff vinapita 100, ndani ya miaka mitatu na ushee. Shule ni saa tatu kwa siku palepale studio, na mwalimu wa studio, katikati ya taa. Unafanya hesabu dakika ishirini, unaitwa, unakumbatia mbwa, unarudi kwenye hesabu.

Alivyotoka akaenda sekondari ya kawaida Los Angeles, akamaliza 1959 kama watu. Aliacha mwenyewe. Uzi ungeweza kufungwa hapa.

#12 Fundi Antena
Haufungwi. Mtu aliyeacha kwa hiari harudi kugonga mlango. Rettig alirudi. Alicheza vijisehemu hapa na pale, na 1965 alikuwa kwenye tamthilia ya mchana ya ABC pamoja na Tony Dow, naye mtoto mwingine wa TV ya miaka ya 50. Ile haikumaliza hata mwaka. Kwa hiyo alitaka kazi, ila kazi ilikuwa inamtaka Jeff, na Jeff hakuwepo tena.

#13 Msomaji wa Usiku
Kuacha kwa hiari ukiwa na miaka 15 na kutafuta riziki ukiwa na miaka 23 na watoto wawili ni mambo mawili tofauti, fundi. Mimi niliacha kuuza maji stendi kwa hiari. Hali ilipokaza nilirudi palepale.

#14 Povu
Nimekuwa msomaji kimya humu miaka minne. Huu uzi umenitoa.

Mimi nilikuwa mtoto wa tangazo. Sabuni ya kufulia, sitaitaja. Nilikuwa na miaka 7, Dar, mwishoni mwa miaka ya 90, TV zenyewe mtaani zilikuwa mbili. Walitaka mtoto anayefua shati la shule huku anacheka. Siku nzima nilifua shati moja. Kila nikimaliza dada mmoja analipaka tope upya, tope la ndoo, anakoroga kwa mti. Jioni vidole vilikuwa vimejikunja kama vya bibi, na yule mpiga picha anasema, "Cheka, Povu, cheka," ndipo jina lilipoanzia.

Tangazo lilirushwa kama miezi sita. Jina la Povu nimelibeba mpaka kidato cha nne. Mwalimu wa zamu ananiita Povu mstarini. Sijaigiza tena, na hakuna aliyenifukuza, na wala sikusema naacha. Waliacha tu kuja. Kwa hiyo ninyi mnaobishana aliacha au aliachishwa, kuna la tatu.

Hela alipokea mama. Akanunua mabati 12 ya nyumba ya Mbagala.

#15 Jongoo Hapandi Mtungi
Povu karibu sana. Kahawa yangu imepoa kwa kukusoma.

#16 Nyundo_254
Povu pole buda. Lakini hayo mabati 12 ni yako kisheria. Kule Amerika wana Sheria ya Coogan tangu 1939, mzazi hawezi kula pesa ya mtoto. Huyo Rettig alipofika miaka 18 lazima alikuta akaunti imejaa.

#17 Wakili wa Mtaani
@Nyundo_254 taratibu. Hii sheria watu wanaitaja sana kuliko wanavyoijua.

Jackie Coogan alikuwa yule mtoto wa kwenye filamu ya Chaplin ya 1921. Aliingiza mamilioni ya dola enzi za filamu bubu. Alipofika utu uzima akaenda kuuliza chake, akaambiwa hakuna chake: kwa sheria ya California ya wakati ule, jasho la mtoto ni la mzazi. Mama na baba wa kambo walishaitumia. Akashtaki 1938, akaambulia kama dola 126,000. Kelele zikaleta sheria ya 1939.

Lakini ile sheria ilikuwa chandarua chenye tundu la kupita kuku. Iliwabana tu wale ambao mkataba wao umepelekwa mahakamani ukathibitishwa, na kiasi cha kuwekwa akiba aliamua hakimu. Studio ikiamua isipeleke mkataba mahakamani, basi. Na pato lenyewe bado lilihesabika la mzazi. Mpaka Januari 2000 ndipo California ikabadilisha: pato la mtoto ni la mtoto, na asilimia 15 inawekwa kwenye akaunti asiyoweza kuigusa mtu. Miaka 60 na zaidi, tundu lilikuwa wazi. Rettig, Provost na wenzao wa TV ya mwanzo walifanya kazi wakati tundu hilo liko wazi.

Coogan mwenyewe akaja kuonekana TV miaka ya 60, mzee mwenye upara, Uncle Fester kwenye The Addams Family. Alirudi kazini kwa sababu alihitaji kazi.

#18 Nyundo_254
Sawa wakili, nimekalia kiti. Uncle Fester ndiye yule katoto ka Chaplin?? Hapo umenimaliza.

#19 Chumvi ya Pemba
Mie naona mnamwonea mama yake Povu. Mabati 12 yalimfunika Povu mwenyewe na ndugu zake mvua isiwanyeshee. Huyo mama wa Coogan alinunua magari na almasi. Si mamoja, wallahi. Kwetu mtoto akivua samaki hapelekwi mahakamani kuulizwa samaki wa nani, anaulizwa nazi iko wapi.

#20 Wakili wa Mtaani
Ndugu yangu Chumvi, na ikiwa anavua kila siku miaka mitatu na nusu na hakuna aliyempeleka shule?

#21 Chumvi ya Pemba
Hapo sasa umenishika pabaya. Lakini Povu kavua siku moja.

#22 Povu
Siku moja na nusu. Walirudi kupiga picha za sabuni peke yake, nikashika kipande tu.

#23 Mama Wawili
Kuna jambo jingine la fedha ambalo mama mkwe analisemea kila tukikaa. Marudio. Lassie ya Jeff iliuzwa upya kwenye stesheni ndogondogo kwa jina la Jeff's Collie, ikazunguka miaka na miaka. Inasemwa Rettig hakupata chochote kutokana na marudio, na alikuwa mchungu sana juu ya jinsi watoto wa enzi yake walivyotendewa na kulipwa. Mikataba ya kizazi kile ililipa marudio machache ya mwanzo tu halafu basi. Chama cha waigizaji kilipata malipo ya marudio yasiyo na kikomo 1974, na hayakurudi nyuma kuwafuta machozi waliotangulia.

Fikiria umekaa nyumbani, kodi inadaiwa, na wewe mwenyewe uko kwenye TV saa kumi jioni unakimbia na mbwa.

#24 Mpemba wa Muscat
Nathibitisha hilo jina. Marehemu mjomba alikuwa na mikanda huku Muscat, imeandikwa Jeff's Collie, na miaka yote nilidhani ni kipindi kingine kilichoiga Lassie. Kulikuwa na rafiki yake mnene wakiitana kwa mlio fulani, "ii-oki". Mimi na ndugu zangu tuliitana hivyo uchochoroni mpaka tukapigwa na majirani.

#25 Fundi Antena
Rafiki ni Porky huyo. Mbona mnene ndiye anakumbukwa na hakuna anayemkumbuka mama?

#26 Mpemba wa Muscat
Mama alikuwa anapika tu. Hata sisi TV ya Zanzibar ilipokuja, ya rangi, miaka ya 70, huku ndugu zetu wa bara mkisubiri hadi 1994 ndiyo muone ITV...

#27 Jongoo Hapandi Mtungi
Nilijua itafika hapa. Kila uzi.

#28 Mzee wa Nukta
Nimeitwa kwenye uzi huu na kijana wangu, akisema, "Baba, wanamzungumzia Rettig wako."

Kwanza, asiwadanganye mtu: Rettig hakubuni dBASE. Aliyeibuni ni Wayne Ratliff. Kampuni iliyoiuza iliitwa Ashton-Tate, ikanunuliwa na Borland 1991. FoxPro ilikuwa mshindani, nayo Microsoft ikainunua 1992. Rettig alikuwa miongoni mwa watu waliotufundisha sisi wengine namna ya kuzitumia. Aliandika vitabu, na alitengeneza maktaba ya amri ndogondogo yenye jina lake, ambayo unaipachika kwenye programu yako, ikakufanyia yale ambayo dBASE peke yake ilishindwa.

Mimi nilikuwa na miaka 27, kiwanda kimoja Barabara ya Pugu, 1991. Mishahara ya watu 640. Kabla yake walikuwa makarani wanne na leja. Tukaletewa kompyuta moja, kioo cheusi, herufi za kijani. Unawasha dBASE III Plus, inakupa nukta moja tu pembeni kushoto, inasubiri. Hakuna picha, hakuna panya. Faili letu liliitwa MISHAHAR, kwa sababu DOS ilikubali herufi nane tu na A ya mwisho ilikosa nafasi. Miaka saba nilitamka "mishahar" kama Mwarabu. Miaka ile ya mgao umeme ukikatika katikati ya kazi, faili la faharasa linavurugika, unarudi unaanza kulipanga upya, na printa ya sindano inalia kama cherehani mpaka usiku, wafanyakazi wako getini.

Kuna nakala ya kitabu alichokiandika na wenzake wawili, Ashton-Tate walikitoa 1985. Tuliitoa fotokopi, nakala ya nakala, kurasa nyingine zimepauka huoni kitu. Niliishi humo. Sikujua kuwa ni mtoto wa sinema mpaka leo. Na nadhani angefurahi kwamba kuna mtu Barabara ya Pugu alimjua kwa kitu kingine.

Mnauliza kwa nini aliacha kuigiza. Mbona kwenye kabati hilo la uhasibu hamuulizi mhasibu aliyekuwa na kitabu alikwenda wapi?

#29 Kabati la Mzee
Shikamoo mzee. Nimekukabidhi uzi.

#30 Mzee wa Nukta
Marahaba. Usikitupe hicho kitabu.

#31 Binti Ngamiani
Mzee umenigusa, lakini samahani, hamjasema katikati. Kati ya 1965 na hiyo dBASE kulikuwa na shimo. Alioa akiwa na miaka 18. Mwaka 1972 alitiwa hatiani kwa kulima bangi shambani kwake. Baadaye akashtakiwa kesi ya kokeini, akahukumiwa, halafu ikaja kufutwa. Hakutoka kwa mbwa akaenda moja kwa moja kwenye nukta ya kijani. Baada ya hapo alikuwa mtoa semina za kujiendeleza, na ilikuwa ni ile orodha ya majina na anwani za watu wa kutumiwa barua iliyomkutanisha na kompyuta. Yaani kanzidata ilimkuta kwa sababu alikuwa na majina mengi ya kupanga.

#32 Msomaji wa Usiku
Ndiyo maana mimi huwa nakataa ile hadithi ya "laana ya watoto nyota". Watu wanachukua waliozama, wanaacha waliobaki. Jerry Mathers, yule mtoto Beaver wa kwenye TV, alikufa Vietnam...

#33 Wakili wa Mtaani
Hakufa Vietnam! Uvumi wa 1960 na kitu. Alikuwa kwenye jeshi la akiba la anga palepale Marekani, akaenda Berkeley akasoma falsafa, akamaliza 1973. Msomaji wa Usiku, lala mapema.

#34 Msomaji wa Usiku
Nimekubali. Basi mnaona wenyewe: hata mzima wanamuua ili laana itimie. Ron Howard alianza kwenye kipindi cha Andy Griffith 1960 akiwa mtoto, leo ni mwongozaji mwenye Oscar. Laana ilimkosa?

#35 Binti Ngamiani
Howard baba yake alikuwa mwigizaji, anazijua njia. Wa kumlinganisha na Rettig ni Rusty Hamer, aliyekuwa mtoto wa Danny Thomas kwenye TV tangu 1953. Alijiua 1990. Kifo kile ndicho kilichomsukuma Paul Petersen, naye mtoto wa TV wa enzi hiyo, kuanzisha chama cha kuwasimamia wenzao. Kungekuwa hakuna tatizo wasingehitaji chama.

#36 Nyundo_254
Sisi huku Kenya tunao akina Baha wa Machachari, kile kipindi cha watoto cha TV. Jamaa ni mtu mzima sasa na bado anaitwa Baha kila mahali. Anaonekana yuko sawa lakini. Labda ni bahati ya kuwa na simu: ukiwa na akaunti yako mwenyewe, jina la mtoto unalitumia kuuza vitu vyako. Rettig alikuwa na jina lakini duka lilikuwa la CBS.

#37 Povu
Nyundo umenifikirisha. Labda nifungue dobi niite Povu.

#38 Fundi Antena
Kuna kitu nimekikumbuka, sijui kama kinasaidia upande wangu au wa Msomaji. Kabla ya Lassie, Rettig alicheza na Marilyn Monroe na Robert Mitchum kwenye River of No Return. Ilipigwa kule milima ya Canada 1953, mtoto ana miaka 11. Monroe alikuwa na mwalimu wake wa uigizaji, Natasha Lytess, asiyemwacha hata dakika. Inasimuliwa kuwa huyo mama alimwambia mtoto kwamba waigizaji watoto wote wakifika miaka 14 kipaji kinakauka, wasiposoma kazi yao. Baadaye mtoto kasimama mbele ya kamera, maneno yote yamempotea, analia. Mwongozaji, Otto Preminger, akamfukuza mwalimu kwenye eneo la kazi. Na Preminger hakuwa mtu mpole, ujue.

Alipofika 14 alikuwa katikati ya Lassie. Alipofika 15 katoka.

#39 Mama Wawili
Ee Mungu. Unamwambia mtoto maneno kama hayo?

#40 Msomaji wa Usiku
Inasaidia upande wangu. Alikimbia kabla kipaji hakijakauka.

#41 Fundi Antena
Upande wangu. Walimtoa kwa sababu kilikauka.

#42 Binti Ngamiani
Au mtoto aliamini, ndiyo maana kikakauka.

#43 Mzee wa Nukta
Au yule mama alikuwa anatafuta wanafunzi wa kulipia.

#44 Jongoo Hapandi Mtungi
Mzee anajibu kwa nukta moja tu pembeni kushoto. Hahaha.

#45 Chumvi ya Pemba
Nimemaliza kusoma yote, na kitu kimoja hamkukisema. Mwaka 1991 Rettig alirudi kwenye Lassie mpya, kipindi kimoja, akakutana na huyo Provost, Jeff na Timmy pamoja, watu wazima. Na alipofariki, kwenye kumbukumbu yake Lassie wa wakati ule aliletwa. Majivu yakatupwa baharini. Sasa mtu aliyechukia angefanya hivyo?

#46 Fundi Antena
Mtu anaweza kuchukia studio akampenda mbwa, Chumvi.

#47 Kabati la Mzee
Kitabu nimekiweka kwenye begi langu, hakiendi dampo. Ndani kuna karatasi ndogo imeandikwa kwa peni ya bluu: "uk. 212, MUHIMU, mwambie Joji." Joji ni nani sijui. Mzee wa Nukta, ukipita Arusha uje ukichukue.

#48 Mzee wa Nukta
Nakuja mwezi ujao kwa harusi. Uniambie ukurasa wa 212 una nini, nisisubiri mpaka harusi.

#49 Nyundo_254
Povu, tuambie mwisho wa hayo mabati. Nyumba ya Mbagala bado iko?

#50 Povu
Iko. Nimempigia mama sasa hivi nikamwambia watu wa mtandaoni wanamjadili kwa mabati 12. Amekasirika. Anasema yalikuwa 14, mawili alimpa shangazi, na lile shati la tangazo lilikuwa lake yeye, hawakulirudisha.